MasterChef Australia: msisingizie simu na majaji

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua nimjibu mwandishi wenu wa burudani, yule aliyesema MasterChef Australia, lile shindano la mapishi la kwenye TV, imekimbiwa na watu kwa sababu mbili tu, kwanza simu, pili kuondoka kwa wale majaji watatu wa zamani. Kwa heshima zote, hiyo ni hesabu ya mtu aliyesoma habari za kipindi bila kukaa kukiangalia. Mimi sio mpishi wala sijui mambo ya utangazaji, ni mtu wa kochi na rimoti tu, ila hiki kipindi nimekifuatilia miaka mingi na naona kesi yake ni nyingine kabisa, na mshtakiwa yumo humo humo ndani ya nyumba, sio nje.

Kwa wale ambao hawakuukuta utamu wake, nirudi nyuma kidogo. Wazo la MasterChef ni la Waingereza, lilianzia BBC mwaka 1990 na aliyelibuni ni mtengeneza filamu Franc Roddam. Waaustralia wakalichukua mwaka 2009 kupitia stesheni ya Network Ten wakaligeuza likawa kitu kingine kabisa, badala ya kipindi cha kistaarabu cha mara moja moja wakafanya kiruke Jumapili mpaka Ijumaa kwa karibu miezi mitatu mfululizo, washiriki wanalala nyumba moja, wanapika pamoja, wanatolewa mmoja mmoja, na majaji wakawa Gary Mehigan na George Calombaris ambao ni wapishi kweli kweli, na Matt Preston mwandishi wa mambo ya vyakula, yule bwana mrefu wa vitambaa vya shingoni ambaye akionja chakula anakaa kimya mpaka wewe uliye nyumbani unatokwa jasho. Wengi walidhani kitakufa haraka maana nani atakaa kila usiku kuangalia watu wanakatakata vitunguu?

Watu walikaa. Fainali ya kwanza, Julie Goodwin na Poh Ling Yeow, iliangaliwa na wastani wa watu milioni 3.7 kwenye nchi ambayo wakati ule ilikuwa na watu kama milioni 22 hivi. Mwaka uliofuata ndio ikawa balaa, fainali ya msimu wa pili iliangukia Jumapili ya tarehe 25 Julai 2010, siku ile ile waliyokuwa wamepanga mdahalo wa uchaguzi kati ya Julia Gillard aliyekuwa waziri mkuu na mpinzani wake Tony Abbott, na unajua kilichofanyika? Mdahalo ndio uliowahishwa saa nzima ili usigongane na MasterChef. Yani wanasiasa wanaotafuta nchi waliwapisha watu wanaopika. Usiku ule Adam Liaw, mwanasheria, akamshinda kijana mwanafunzi anaitwa Callum Hann, na watazamaji wakati wa kumtangaza mshindi walikuwa karibu milioni 4. Namba kama hizo hawajazisogelea tena kwa miaka mingi, na hapo mimi na mwandishi wenu tunakubaliana, kipindi kimeshuka, hakuna ubishi. Tunachogombania ni kwa nini.

Tuanze na simu maana ndio kisingizio cha kila kitu siku hizi. Ni kweli TV ya kawaida inapoteza watu kila mahali, ni kweli kuna intaneti, na ni kweli pia kwamba namba za leo ukizilinganisha na za 2009 bila kuangalia wanaotazama baadaye kwa intaneti unakionea kipindi. Sawa, nimekubali hilo lote. Lakini sasa mwandishi wenu anieleze mwaka 2013 na 2014 simu zilifanya nini. Maana msimu wa 2013 waliuharibu wenyewe kwa mikono yao, wakauhamisha kutoka Sydney kwenda Melbourne, hilo sio tatizo, tatizo wakaja na stori ya wanaume dhidi ya wanawake, tangazo lenyewe wanaume buluu wanawake waridi, vijembe vya jinsia gani inajua kupika zaidi, yani vitu vya kitoto ambavyo mtu aliyezoea kumuona Poh anakaanga kitu chake kwa utulivu hawezi kuvielewa. Watu wakaondoka, tena kwa wingi. Mwaka uliofuata, 2014, wakatupa ule upuuzi wa rangi, wakarudi kwenye chakula na wapenda chakula, na watu wakarudi. Simu zilikuwepo 2013 na zilikuwepo 2014, tena 2014 zilikuwa nyingi zaidi. Na majaji? Wale wale watatu, Gary, George na Matt, misimu yote miwili. Kwa hiyo kitu kilichobadilika hapo katikati sio simu na sio majaji, ni kilichokuwa kinaonyeshwa. Mimi ningekuwa mwandishi ningeanzia hapo, ila ndio hivyo, yeye kaanzia 2019.

Hiyo 2019 nayo tuisemee. Mwezi Julai mwaka ule majaji wote watatu waliondoka baada ya kushindwana na Network Ten kwenye mambo ya mkataba, na mwezi huo huo kampuni ya migahawa ya Calombaris ilikuwa kwenye magazeti yote kwa kuwapunja wafanyakazi mishahara, karibu dola milioni 7.8 za Australia zilizobidi zirudishwe, kwa hiyo hali ya hewa ilishachafuka. Wakaletwa wapya, Jock Zonfrillo, Melissa Leong na Andy Allen, huyu Andy ndiye fundi umeme aliyeshinda msimu wa 2012. Kama hoja ya mwandishi wenu ni ya kweli basi 2020 kipindi kingezama palepale. Hakikuzama, watazamaji waliongezeka. Najua mtasema korona, watu walikuwa wamefungiwa ndani hawana pa kwenda, na mimi nakubali hiyo ilisaidia sana, lakini mtu aliyefungiwa ndani ana chaneli nyingi za kuchagua, na walichagua ile yenye majaji wageni. Melissa alikuwa anaeleza ladha kwa maneno ambayo yalinifanya nielewe kitu nisichokionja, Jock alikuwa na ukali wa mpishi na moyo wa mzazi. Kifo chake kilitangazwa tarehe 1 Mei 2023, siku ile ile msimu mpya ulipotakiwa kuanza, ana miaka 46 tu, wakausogeza kwa wiki moja na kuurusha kwa ridhaa ya familia, na sijui kama nimewahi kuangalia kipindi cha mapishi kwa moyo mzito kama ule. Hayo hayana uhusiano na kushuka kwa kipindi, nayataja kwa sababu mwandishi wenu kaandika majaji wapya kana kwamba walikuwa watu wa kujaza viti.

Sasa nije kwenye kesi yenyewe.

Kilichofanya watu wakae kila usiku 2009 ni kwamba mle ndani walikuwepo watu wasiojua. Wasiojua kwa kipimo cha mpishi, sio wasiojua kabisa. Julie alikuwa mama wa watoto watatu anayepika chakula cha nyumbani, na kuna watu walimcheka kwamba huyo sio mpishi, anapika tu kama mama wa mtu, na huyo mama wa mtu ndiye aliyebeba ushindi. Zawadi ilikuwa dola laki moja, kitabu cha mapishi, na nafasi ya kwenda kujifunza kwenye majiko ya wapishi wakubwa. Hebu soma tena hiyo ya mwisho. Mshindi alikuwa anapewa nafasi ya kwenda KUJIFUNZA! Maana yake hata waliotengeneza kipindi walikuwa wanakiri kwamba mshindi bado ni mwanafunzi.

Na sisi nyumbani tulikuwa wanafunzi pamoja nao. Ijumaa ilikuwa siku ya darasa, hakuna kutolewa mtu, hakuna muziki wa kutisha, majaji wenyewe wanasimama mbele ya majiko wanaonyesha kwa nini mchuzi uliokatika umekatika na unauokoa vipi, kwa nini nyama ipumzike kabla ya kukatwa, kwa nini yule wa juzi keki yake ilidumaa. Kwangu mimi hiyo ndiyo ilikuwa roho ya kipindi, maana ukishaelewa Ijumaa kwa nini kitu kimeharibika, Jumapili unamuona mshiriki anataka kurudia kosa lile lile unapiga kelele mwenyewe sebuleni, geuza moto! punguza moto wewe! na hakusikii, na huo ndio ulevi wenyewe. Mtu anayepiga kelele sebuleni hashiki simu. Lile darasa likaja kupungua uzito mwaka hadi mwaka, likasogezwa siku, likawa kama kitu cha kujazia, na mimi naona hapo ndipo nyufa zilipoanzia hata kabla hatujaziona.

Alafu ikaja tamaa. Kitu kikiuza wanakikamua, mara kipindi cha watoto 2010 na 2011, mara cha washiriki wa zamani 2012, mara cha wapishi wa kazi 2013, vyote hivyo pembeni ya kile kikubwa ambacho peke yake kilikuwa na vipindi zaidi ya sitini kwa msimu. Nani ana muda huo? Na wapinzani nao hawakulala, Channel Seven walishaanzisha My Kitchen Rules tangu 2010, ile ya watu wawili wawili kualikana nyumbani na kusemana, na badala ya MasterChef kusema sisi ni chakula nyie endeleeni na kusemana kwenu, wakaanza kuwaiga. Ndio yakatoka yale ya 2013.

Lakini kosa kubwa kuliko yote, na hapa naomba mwandishi wenu anisikilize vizuri, lilizaliwa na mafanikio ya 2020. Msimu ule waliwaita washiriki wa zamani ambao hawakuwahi kushinda, wakauita wa kurudi kushinda. Poh yumo, Callum yumo, sura zote tunazozipenda, na akashinda Emelia Jackson. Ulikuwa msimu mtamu, nisiwe mnafiki, niliufurahia kuliko misimu mingi. Ila wenye kipindi waliangalia zile namba wakajiambia dawa imepatikana, dawa ni watu wa zamani. 2022 wakaja tena, nusu mashabiki nusu washiriki wa zamani, na akashinda Billie McKay ambaye alikuwa ameshashinda 2015! Mtu aliyeshinda, akaenda kufanya kazi Uingereza kwenye mgahawa wa mpishi mashuhuri Heston Blumenthal, akarudi akashindana na watu waliotoka kwenye majiko ya nyumbani kwao. 2025 wakarudia tena ule wa kurudi kushinda, na mshindi akawa Laura Sharrad, ambaye alikuwa wa pili 2014, akawa wa pili 2020, na katikati hapo ameshakuwa mpishi mwenye mgahawa. Sina ubaya na Laura jamani, anapika mpaka unataka kulia, na kushinda baada ya kuukosa ushindi namna ile anastahili. Ila hii ni sawa na kuwarudisha darasa la kwanza watu waliomaliza chuo kikuu alafu unawapa zawadi kwa kusoma vizuri. Wanasoma vizuri, ndio, sasa?

Mtu anayejua hakosei makosa yanayofundisha. Angalia msimu wa wazoefu, hakuna wali ulioshika chini, hakuna mtu aliyesahau chumvi, kila sahani inatoka inang'aa, imepangwa kwa kibanio cha vidole, kuna unga wa kitu, kuna povu la kitu, kuna mafuta ya kijani yamedondoshwa pembeni, na majaji hawana cha kusema zaidi ya wow. Sahani ya kwanza wow, ya pili wow, ya sita mmoja analia kwa utamu. Alafu mtu anatolewa kwa sababu samaki wake alizidi sekunde chache, au mchuzi ulikosa uchachu kidogo, kitu ambacho mimi kwenye kochi siwezi kukiona wala kukionja. Zamani mtu akitolewa ulikuwa unajua kwa nini, kuku alikuwa mbichi ndani, umemuona kwa macho yako, keki imeporomoka mbele yako, hakuna wa kubisha. Sasa hivi tunaambiwa tu. Shindano ambalo mtazamaji hawezi kubishana na jaji limeisha, maana nusu ya utamu wa shindano lolote ni kubishana na refa.

Na hata msimu wa watu wapya siku hizi sio wapya vile. Wamekua wakikiangalia kipindi hiki hiki tangu watoto, wanajua kila mtego. Enzi zile ule mnara wa vitobosha vya krimu, croquembouche ya fundi wa keki Adriano Zumbo, ulipotokea watu walibaki midomo wazi, washiriki wanaungua vidole na sukari ya moto, hawajawahi hata kulitamka hilo jina. Leo mshiriki anaingia siku ya kwanza anajua nitrojeni ya maji, anajua kupika nyama ndani ya mfuko kwenye maji ya vuguvugu, ana menyu ya mgahawa wake wa ndoto kichwani na jina lake kashalipata. Simlaumu, kajiandaa. Nawalaumu wanaomchagua kwa sababu kajiandaa.

Kuna mtu ataniambia mbona hawa wapya nao wanatusisimua wakati mwingine. Ndio, na angalia wanatusisimua wakifanya nini. 2021 Kishwar Chowdhury, fainali kabisa, sahani ambayo wenzake wangeweka vito na dhahabu, yeye akaweka wali uliolowekwa kwenye maji, ukatiwa moshi, pembeni viazi vya kuponda na samaki sadini. Alisema wazi kwamba hicho sio chakula unachokikuta mgahawani, ni chakula cha watu wa Bengali cha majumbani. Hakushinda, alimaliza wa tatu, Justin Narayan ndiye aliyebeba. Lakini nenda kaulize watu msimu ule walikuwa wanazungumzia sahani ya nani. Video yake ilizunguka dunia nzima kwenye zile zile simu ambazo mwandishi wenu anasema zinaua kipindi. Yani simu zilikibeba kipindi siku kilipokuwa na kitu cha kubebwa.

Au Brent Draper, aliyejitoa 2021 katikati ya shindano kwa sababu afya yake ya akili haikuwa sawa, akarudi 2023 akashinda. Huyo naye ni mtu wa kurudi, najua, nisije nikakamatwa kwa maneno yangu mwenyewe, ila yeye alirudi akiwa hajamaliza, hakurudi na mgahawa.

Niseme na uhariri wa picha maana huu ndio unanimaliza kabisa. Jaji anasimama, "anayeondoka usiku huu ni...", muziki, uso wa kwanza, uso wa pili, uso wa tatu, mtu anameza mate, muziki tena, matangazo. Tunarudi, wanaanza kuturudishia kilichotokea kabla ya matangazo kama vile tumepoteza fahamu dakika mbili zile, ndio jina linatajwa. Alafu zile sauti za washiriki wanaohojiwa pembeni, "nimebakiza dakika kumi na hata sosi sijaanza, nadhani nimekwisha", na wewe unajua huyo anahojiwa baada ya kupika, kavaa vizuri, kajifuta jasho, anajua kabisa kama alikwisha au hakwisha. Kipindi cha saa nzima na zaidi, ukitoa muziki, kumeza mate, marudio na wale waliosalimika wanaopiga makofi kule juu kwenye roshani, mapishi yenyewe yanayobaki ni machache mno. Mtu anakaanga kitunguu tunakiona sekunde mbili, analia tunamuona nusu dakika. Hapo ndipo mkono unaenda kwenye simu. Simu imeingia pale palipoachwa wazi.

Mwandishi wenu alitaja kwa kupita tu kile kipindi cha kuoka cha Waingereza, The Great British Bake Off, akasema nacho kimeshuka kwa hiyo ni ugonjwa wa wote. Hapana, kiangalie vizuri. Fainali yao ya 2016 BBC iliangaliwa na watu zaidi ya milioni 14, mwaka uliofuata wakahamia Channel 4, wakampoteza jaji Mary Berry na wale watangazaji wawili Mel na Sue, yani waliondokewa na watu watatu kati ya wanne waliokuwa wanawaona kila wiki, pigo kubwa kuliko lile la majaji wa Australia. Namba zikashuka sana, kweli. Lakini hakijafa, mpaka leo ni kati ya vitu vinavyoangaliwa zaidi kwenye ile stesheni. Wamefanya nini? Karibu hakuna walichofanya, na hilo ndilo jibu. Kila mwaka watu wapya, wa kazi za kawaida kabisa, mara moja kwa wiki, wiki kumi imekwisha, hema lile lile. Katikati kuna lile zoezi la kuwapa wote mapishi yale yale yaliyofutwa nusu ya maelekezo, "oka" bila kusema muda wala moto, na hapo ndipo unamjua anayeelewa na anayekariri, na wewe nyumbani unapimwa pamoja nao. Mshindi anapewa sahani ya kuwekea keki na maua. Hakuna hela. MasterChef Australia walitoka dola laki moja wakafika laki mbili na nusu, na sijaona kwamba kuongeza hela kuliongeza mtazamaji hata mmoja, kilichoongezeka ni idadi ya watu wanaoingia na mpango wa biashara.

Nisieleweke vibaya kwamba nataka 2009 irudi kama ilivyokuwa. Mambo mengine yalikuwa mabovu, msimu ulikuwa mrefu kupita kiasi, na kuna siku wapishi mashuhuri walikuja kushindana na mtu wa nyumbani na kumpiga vibaya tu bila maana yoyote. Waache na hayo. Mimi ningefurahi nipewe wiki nane, watu ambao wanafanya kazi nyingine kabisa na hawana mpango wa mgahawa, lile darasa la Ijumaa lirudi na uzito wake wote, na majaji walazimishwe kutueleza sahani iliyoshindwa kwa urefu ule ule wanaoisifia iliyoshinda. Poh sasa hivi ni jaji, tangu 2024, pamoja na Andy Allen, Sofia Levin na Jean-Christophe Novelli. Poh ni mtu aliyekosa ushindi 2009, akarudi 2020 hakushinda, na amepika mbele ya kamera miaka yote hiyo akikosea hadharani na kucheka, hakuna mwenye uwezo wa kufundisha zaidi yake pale. Mpeni Ijumaa yake. Sijui kwa nini hawajaliona hilo mpaka sasa.

Kwa hiyo Mhariri naomba umfikishie mwandishi wako ombi moja. Msimu ukianza, achukue vipindi vitatu vya kwanza, asihesabu watazamaji, ahesabu ni mara ngapi mtu amekosea kitu jikoni na sisi tukaelezwa kwa nini kimeharibika na kinarekebishwaje. Akipata hata mara tano kwa vipindi vyote vitatu nitaandika barua nyingine hapa hapa kumuomba radhi, na mtaichapisha ukurasa wa mbele mkitaka.

Wenu,
Msomaji na mtazamaji wa siku nyingi